Gauni la Cindy na Magoti ya Baba Yake

Gauni lilifika kijijini Matete Jumanne, na kufikia Jumatano watu walikuwa wamekwisha kumwoza Cindy kwa wanaume watatu tofauti.

Tuseme ukweli, gauni lenyewe lilikuwa la uchokozi. Lilikuwa la rangi ya waridi, wavu juu ya wavu, na Protus, baba yake Cindy, alipolitoa kwenye boksi lilifura lenyewe kama unga wa maandazi mpaka kuku aliyekuwa akiatamia chini ya kochi akahama, mayai yake yakabaki. Chini ya boksi kulikuwa na taji na viatu vya visigino virefu. Aliyetuma vitu hivyo ni Edah, dada yake Protus, muuguzi kule San Antonio, Texas. Makhanu, jirani yao, alichungulia juu ya ua, akaliona taji, akaondoka mbio kwenda kuwaambia wengine.

Chanzo cha yote kilikuwa swali. Agosti iliyopita Osiako, kaka yake Cindy, alitahiriwa. Alizunguka kwa wajomba akipiga njuga, akachinjiwa fahali, akapewa mtamba wake mwenyewe, na watu wakacheza mpaka nyasi za uani zikaisha. Cindy aliwatekea wageni maji siku tatu. Siku ya nne akamwuliza baba yake, bila hasira yoyote, "Na wasichana yao inafanywanga lini?"

Protus ni mkulima wa miwa ambaye huwa na jibu hata kwa mambo asiyoyajua. Lakini swali hili lilimkaa rohoni, na hatimaye akampigia Edah simu.

"Huku tuko nayo," Edah alisema. "Majirani zangu, hawa akina Garza, wanafanyanga. Msichana akifika miaka kumi na tano wanamvalisha taji, anaenda kanisa, anacheza na baba yake, watu wanakula. Walitoa kwao Mexico. Siku hizi hata Wamarekani wengine wanaiga. Kuna maduka hapa inauza hizo magauni peke yake!"

"Kwa hivyo hao Garza ni wageni huko?"

"Wageni gani! Hii Texas ilikuwa Mexico. Babu zao walikuwa hapa na ng'ombe zao, halafu mpaka ukasongeshwa, wakajipata wako Amerika na hawajatoka hata kwa kitanda."

Jambo hilo Protus alilielewa upesi, maana Makhanu alikuwa amesogeza ua mara mbili. Tangu dakika hiyo akawapenda akina Garza, na sherehe yao akaikubali yote, isipokuwa kipande kimoja.

"Mwisho," Edah alisema, "unapiga magoti mbele ya watu, unamtoa viatu za chini, unamvalisha za juu. Hapo ndiyo sherehe yenyewe."

"Nani apige magoti?"

"Wewe baba."

"Hiyo mama yake atafanya," Protus akasema, na akakata simu kabla mtandao haujamkatia. Alikuwa mtu ambaye hata kanisani husali akiwa amekaa nusu kwenye benchi.

Wiki ile aliieleza shughuli hiyo mpaka koo likamkauka. "Bwana arusi ni wa wapi?" watu waliuliza. "Hakuna bwana arusi." "Pole sana. Ametoroka mapema hivyo?" Shemeji yake alitoka Likuyani na kamba nne begani, tayari kufunga ng'ombe za mahari. Alipoambiwa hakuna mahari alikunja uso, akauliza kama basi kuna nyama.

Jumamosi ikafika. Gauni lilikataa kuingia kwenye gari la mwalimu, likakataa pia la mchungaji, ikabidi Cindy apandishwe kwenye trela la miwa, amesimama katikati ameshikilia taji, trekta likimvuta polepole kutoka kanisani. Nyuma walifuata wavulana saba wenye tai, marafiki wa Osiako, kwa sababu Edah alisema kwa akina Garza msichana husindikizwa. Cindy alikuwa anacheka mpaka meno ya mwisho. Protus akimtazama alijisikia vizuri sana, vizuri kupita siku aliyouza miwa ya kwanza.

Kwenye hema uani, akiwa amekaa kiti cha mbele kabisa, alikuwapo Chifu Naliaka na askari wawili.

Makhanu alikuwa amefanya kazi yake.

"Protus," Chifu alisema. Naliaka ni mwanamke asiyecheka akiwa amevaa sare, na sare huivaa hata sokoni. "Mtoto ako na miaka ngapi?"

"Kumi na tano leo, Chifu."

"Darasa?"

"Anaendelea na shule. Hii si arusi."

"Gauni, taji, kanisa, hema," Chifu akahesabu kwa kalamu. "Bwana arusi ni yupi kati ya wale?" Akawaelekezea kalamu wavulana saba.

Wavulana walimtazama Chifu, wakawatazama askari, na wote kwa pamoja wakatimka wakaingia kwenye miwa, tai zikipepea. Kitendo hicho hakikumsaidia Protus hata kidogo. Askari mmoja akatoa pingu. Cindy aliacha kucheka. Alishuka kwenye trela peke yake, gauni likinasa kila mahali, akasema, "Chifu, usishike baba yangu. Ni mimi niliuliza."

Chifu akamgeukia. "Kama si arusi, inaishanga aje? Nionyeshe mwisho wake. Nikiona mwanaume anakabidhiwa huyu mtoto, baba yake analala ndani."

Protus akamtafuta Musimbi, mkewe, kwa macho. Musimbi alikuwa anapakua obusuma, ule ugali wa wageni, na alipoona anatazamwa akaongeza bidii ya kupakua. Hakukuwa na njia. Protus akaweka kiti mbele ya watu, akamkalisha Cindy, akapiga magoti. Goti la kushoto lililia, likasikika mpaka jikoni.

"Uuu!" mtu akasema. "Protus amepigia mtoto magoti!"

Alimvua kiatu cha shule. Kwenye kifundo cha mguu kulikuwa na kovu. Akakumbuka: jani kali la muwa lilimkata siku aliyomletea chai shambani, akiwa na miaka saba, na yeye Protus alimgombeza kwa kumwaga chai. Akahangaika na kifungo kidogo cha kiatu kile, vidole vizito, macho yamejaa maji, na alipomaliza akainua kichwa tu, mwili ukakataa kusimama.

"Huyu ni mtoto wangu," akasema kwa sauti ya kupasuka. "Simpi mtu. Jumatatu anarudi shule. Na yule mtamba mwekundu ni wake."

"Mwekundu?" shemeji wa Likuyani akauliza kwa uchungu.

Askari akarudisha pingu. Chifu alikuwa anaandika kitu kwenye daftari, kisha akaacha kuandika. Cindy alimkumbatia baba yake shingoni, na gauni likamfunika Protus kabisa, hata hakuonekana.

Protus alipofanikiwa kutoka kwenye wavu, Cindy hakuwa tena kwenye kiti. Aliyekaa ni Kukhu Awinja, mama yake Protus, wa miaka sabini na minane, amenyoosha miguu.

"Mama, unafanya nini?"

"Mimi kumi na tano niliifikia kwa bwana," Kukhu akasema. "Hakuna mtu alinivalisha kitu. Haya. Nivalishe hizo za mtoto."

Vidole vitatu tu ndivyo vilivyoingia. Kukhu aliviangalia, akaridhika, akaomba apigiwe vigelegele, akapigiwa. Nyuma yake Musimbi alikuwa ameacha mwiko. Nyuma ya Musimbi alisimama mkewe Makhanu, na zamu yake ilipofika alimpita Protus kwa macho akamwita mumewe, "Baba Mitchel! Kuja hapa! Piga magoti!" Makhanu alitafuta ua wa kujificha nyuma yake, lakini hata baada ya kuusogeza mara mbili bado ulikuwa mbali. Akaja.

Foleni ya wanawake ilifika barabarani. Jua lilikuwa limeanza kulegea Protus alipoomba maji, na alipoinua kichwa kuyapokea aliona buti nyeusi za serikali, zimevuliwa, zimepangwa vizuri kando ya kiti. Chifu Naliaka alikuwa amempa askari daftari lake amshikie.

"Chifu," Protus akasema taratibu, "wewe nawe uko na miaka ngapi?"

"Kumi na tano," Chifu akasema. "Funga polepole, hiyo kidole inaumanga."