Semina ya Kutiana Moyo

Ukiona umeitwa kazini katikati ya likizo eti uje kutiwa moyo, ujue kuna kitu kinanuka. Na siku ile kilinuka kwelikweli, maana panya alikuwa amefia mahali fulani chini ya kabati la chumba cha walimu tangu shule ifungwe. Mwenye shule, ambaye walimu walimwita Tabasamu kwa sababu meno yake hayakujua kupumzika, alitoa chupa ya manukato mfukoni akapuliza hewani, fwii, fwii, akasema sasa pako shwari. Loo! Panya akanukia waridi. Mwalimu Mkuu, aliyekaa kando yake mbele ya wenzake, alifunika mdomo kwa leso.

Lakini msimsingizie panya. Mama huyu alikuwa amefuta matapishi ya watoto wa chekechea miaka na miaka bila kukunja uso. Kilichomkaa kooni ni maneno aliyoambiwa asubuhi ile ofisini kwake, mlango umefungwa. Tabasamu alikuwa ameuza shule. Madarasa, uwanja, mpaka vyoo. Mnunuzi alitaka kujenga maghala, na muhula mpya usingefunguliwa kabisa.

"Ila kwa sasa iwe siri yetu," alimwambia huku akichokonoa meno. "Wazazi bado wanalipa ada ya muhula ujao. Walimu wakianza kutawanyika, wazazi watashtuka. Wewe wanakuamini. Waambie bajeti imebana, wafunge mkanda, mambo yatakaa sawa. Na wewe usiwe na wasiwasi, pale dukani kwangu nimekuwekea kiti cha meneja."

Akampapasa bega kwa mkono uliolowa jasho. Mtu mwenye haya yake angeutoa mkono ule na mwenyewe akamtoa nje. Mwalimu Mkuu alisema, "Nimesikia, bosi." Ptuu! Nimesikia, bosi!

Sasa kikao kilikuwa kimepamba moto. Tabasamu aliwasimamisha watu wazima, wengine wana wajukuu, akawapigisha makofi kama watoto wa darasa la kwanza.

"Sisi ni nani?"

"Familia!"

"Sijasikia!"

"Familia!"

Soda ya moto iligawanywa, chupa moja watu wawili. Mpishi wa shule, ambaye mshahara wake wa muhula uliopita aliusikia kwa masikio tu, alipiga makofi huku ameishika chupa kwapani isimwagike. Mwalimu Mkuu alitazama ile chupa, akageuza macho.

Kwenye benchi la nyuma alikaa wifi yake, mwalimu wa chekechea, mke wa mdogo wake. Mdogo wake alikuwa fundi ujenzi. Alianguka kutoka juu ya jengo akavunjika nyonga, na sasa nyumba nzima ilimtegemea mkewe. Kabla ya kikao wifi alikuwa amemshika mkono pale barazani.

"Wifi, ile shule ya ng'ambo ya mto wamenipa kazi. Wanataka jibu leo kabla ya saa sita. Niende, nisiende? Mume wangu anasema wewe ndiye unayejua mambo ya hapa."

"Ngoja tumalize kikao."

"Wifi gani wewe! Nakuuliza ndiyo au hapana, unaniahirisha kama kesi."

Akacheka, akaingia ndani. Na Mwalimu Mkuu akamwacha aingie.

Zamu yake ilipofika, alisimama. Alijua kusema, hilo tusimnyime. Alitaja siku walizofundisha mvua ikiwavujia kichwani, alitaja watoto kwa vituko vyao, mpishi akapenga kamasi, mlinzi akainamisha kichwa. Mwalimu wa hesabu peke yake, mtu wa maneno makali, ndiye aliyeinua mkono.

"Mama, kuvumilia tumevumilia. Tuambie wewe, si bosi. Kuna kitu mbele, au tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Nimewahi kuwadanganya?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

Mwalimu wa hesabu alitikisa kichwa, akaketi. Tabasamu alianzisha makofi, chumba kizima kikafuata.

Ndipo Mwalimu Mkuu alipomwona wifi yake akichepuka na simu mkononi. Alijifanya kukohoa, akatoka nyuma yake.

"...nashukuru sana," wifi alikuwa akisema, "ila nimeamua kubaki hapa. Mkuu wetu ni mtu wa..."

Mwalimu Mkuu alimpokonya simu. "Halo? Anakuja huyo. Mwandikeni. Mimi ndiye mkuu wake, nimemruhusu." Akakata.

"Wifi, umechanganyikiwa?"

Basi akamwaga yote, kwa sauti ya chini, haraka haraka: mauzo, maghala, ada za wazazi, kiti cha meneja. Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Ndani bado walikuwa wakiitikia, familia, familia.

"Na mpishi?" aliuliza.

"Wifi, siwezi kumbeba kila mtu. Wewe una mume kitandani."

"Na yule wa hesabu, aliyekataa kazi mwaka jana kwa sababu ulimwomba?"

Mwalimu Mkuu alinyoosha mkono amshike bega. Wifi alirudi nyuma, pua imekunjana.

"Usiniguse. Kumbe wote wawili mnanuka."

Aligeuka akaingia ndani, akapita katikati ya makofi mpaka mbele kabisa. "Samahani jamani," alisema. "Wifi yangu amebakiza neno. Nitasimama hapa mpaka aliseme. Akishindwa, nitalisema mimi."

Makofi yalikatika. "Karibu, karibu!" alisema Tabasamu, meno yote nje. "Neno la kutia moyo, au siyo?"

Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni. Mpishi alimsogelea mwenzake ili aache nafasi kwenye benchi. "Njoo ukae kwanza, mama. Utaongea umekaa."

Hakukaa.

"Shule imeuzwa," alisema. "Muhula mpya haupo. Na nilijua. Niliposimama pale mbele kuwaambia mvumilie, nilikuwa najua."

Tabasamu alianza kupayuka kwamba mama amechoka, jamani, msimsikilize. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Wote walikuwa wanamtazama Mwalimu Mkuu.