Ufunguo Uliokuwa Kwenye Msumari

Maneno yalianzia kwa wifi yangu. Yeye aliyatoa kwa fundi cherehani wake, na fundi cherehani aliyapata kwa mteja ambaye hakuna anayemjua jina wala sura. Kwamba yuko mtu alinunua gari jipya, akachezewa kompyuta ya injini ili lipate nguvu, injini ikafa. Akalipeleka kwa waliomuuzia, kitabu cha waranti mkononi, wakamwambia, mzee, hili si gari tulilokuuzia sisi. Akarudi nyumbani kwa miguu.

"Ni nani huyo mtu?" nikamuuliza.

"Mimi nitajuaje? Watu."

"Gari gani?"

"Gari, wifi. Lina magurudumu manne."

Akaendelea kukunja nguo zake, akahamia habari za jirani aliyehama bila kuaga. Mimi sikuhama. Nilibaki pale pale kwa yule mtu anayerudi kwa miguu, na kila nilipofumba macho nilimwona ana miguu ya mwanangu.

Nilikuwa na sababu. Kifungua mimba wangu anabeba vifaranga. Anavichukua kituo cha kutotolesha alfajiri, vikiwa vya siku moja, vimepangwa mia mia ndani ya maboksi yenye matundu, anavisambaza kwa wafugaji ng'ambo ya mlima. Hajazaa bado, lakini wafugaji wote wanamwita Mama Vifaranga. Kiwanja alichotuachia marehemu baba yake ndicho kilichogeuka pikapu. Tuliuza, akanunua jipya kabisa, lenye karatasi za nailoni kwenye viti, na waranti ya miaka mitatu. Hiyo waranti niliipenda kuliko gari lenyewe. Nilisema, sasa hata likiugua lina wa kulitibu.

Shida ilikuwa ule mlima. Kifaranga cha siku moja kina akiba tumboni, hakidai chakula wala maji, lakini jua kali hakiliwezi. Lazima afike kabla ya saa nne. Pikapu likiwa na maboksi arobaini lilikuwa linapanda kwa gia ya pili, linahema kama mgonjwa wa pumu, malori yanampita yakimpigia honi.

Ndipo akakutana na yule wanayemwita Profesa. Anakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kituo cha mafuta na laptopu mapajani. Akamwambia, "Dada, injini yako imefungwa kamba kiwandani. Wao wanaogopa. Mimi nafungua fundo tu." Akachomeka waya chini ya usukani, dakika arobaini, kazi ikaisha. Hakufungua hata boneti.

Mwanangu alirudi nyumbani anaimba. "Mama, limepanda kwa gia ya nne! Ya nne! Lori moja nimelipita, dereva akanitolea kofia."

"Na waranti?"

"Waranti ni ya vitu vikivunjika. Hapa nani kavunja nini?"

Kitabu cha waranti kilikuwa droo ya kabati, chini ya vitambaa vya meza. Hakuna kati yetu aliyekifungua. Naye kwa furaha akakubali kubeba maboksi sitini badala ya arobaini, akawaahidi wafugaji wapya, akaandikiana na kituo cha kutotolesha mkataba wa mwaka mzima. Sharti lilikuwa moja: siku gari likilala, mkataba nao umelala.

Wiki ya sita ndipo wifi akaja na maneno yake. Nilimweleza mwanangu siku hiyo hiyo.

"Mama," akasema huku anavua viatu, "wewe ukisikia kwa shangazi kuna mvua, unaanua nguo kwetu."

"Mimi nakueleza kilichosemwa."

"Wewe ungekuwa gari, ungetembea umewasha taa za hazadi mwaka mzima."

Nikacheka, kwa sababu ni kweli. Lakini moyo haukucheka. Ijumaa ya wiki ile alitakiwa kulipeleka gari sevisi kwa wale wale waliomuuzia. Nikajisemea, watachomeka waya wao, wataona, na waranti itakufa mbele ya macho yetu. Sikulala. Nilihesabu mabati ya dari. Asubuhi nikawa nimeamua, na uamuzi wa mtu ambaye hajalala si wa kuamini. Nawaambia hilo mapema.

Jumanne mwanangu alirudi saa sita, akala, akalala kama kawaida yake, maana huamka saa tisa za usiku. Ufunguo wa gari alitundika kwenye msumari ulio karibu na mlango wa jikoni. Nikampigia simu Profesa, akaja na bodaboda, laptopu begani.

"Unataka nilirudishe kama lilivyokuwa?"

"Kama lilivyokuwa. Hao wa sevisi wasione kitu."

"Mama, nikilirudisha mimi, hata kiwanda kilicholizaa hakijui kama mtoto aliwahi kutoka nje." Kisha akaniangalia. "Mwenye gari ana habari?"

"Ana habari," nikasema.

Nilisimama mlangoni na ufagio, nafagia palipokwisha kufagiliwa, sikio liko chumbani. Mwanangu alikohoa mara moja, nikafagia kwa nguvu zaidi. Profesa alikuwa kainamisha kichwa chini ya usukani kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Alipomaliza akaniambia, "Kaa na amani." Nikautundika ufunguo pale pale, meno yakiangalia ukutani kama alivyouacha. Kisha nikapata usingizi, wa kwanza tangu wifi alete maneno yake. Nilijiona mama mwenye akili.

Jumatano alirudi amekunja uso.

"Gari limelegea. Leo gia ya pili tena, na nimechelewa kwa watu watatu."

"Labda mafuta yale yana maji," nikasema.

Uongo huo ulitoka laini, kama umekaa mdomoni ukisubiri kuitwa. Naye akaniamini. Akasema kesho atajaza kituo kingine.

Alhamisi alijaza kituo kingine, akapakia maboksi sitini, akaukabili mlima, akalikanyaga kwa hasira kwa sababu alijua linaweza. Juzi liliweza. Katikati ya kilima injini ikagonga mara tatu, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Akanipigia simu. "Mama, njoo na mashuka. Yalowe maji kwanza."

Nilikuta ameshusha maboksi yote kwenye kivuli cha pikapu, na kivuli chenyewe kinazidi kufupika. Tukatandaza mashuka juu. Vifaranga elfu sita vikilia pamoja, mlio wake ni kama mvua juu ya bati. Gari la kuvuta lilichelewa. Kufika saa sita ile mvua ikawa manyunyu. Maboksi ya upande wa jua yalikuwa kimya, na mwanangu alikuwa anayagusa moja moja kwa kiganja, hayafungui, anagusa tu na kusogea. Hakunilaumu kwa lolote. Alisema, "Bora tuna waranti."

Siku ya nane tukaitwa karakana ya wauzaji. Njiani mwanangu akaniambia, "Nitawaeleza ukweli kwamba liliongezwa nguvu. Sitaki kuficha."

Hapo ndipo palikuwa pangu pa kusema. Pale, kwenye kiti cha gari la abiria, begi langu mapajani. Nikasema, "Sema." Nilifikiri wataangalia, watakuta programu ya kiwanda, watasema huyu binti anajisingizia tu, na mambo yataisha. Nilikuwa bado namwamini Profesa.

Mkuu wa karakana alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu nne mfukoni na mikono misafi. Alitupa viti. Akaweka pistoni mezani juu ya gazeti. Ilikuwa na tundu katikati, kingo zake zimeyeyuka kama sabuni.

"Hii ni ya silinda ya tatu," akasema. "Imeungua. Injini iliyoongezwa nguvu hupewa mafuta mengi na hewa nyingi kuliko ilivyopimiwa, na chuma kinachoka."

"Ni kweli niliiongeza," mwanangu akasema. "Mara moja, wiki saba zilizopita. Sikujua madhara yake, lakini nilifanya."

Mkuu akamtazama vizuri, kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoitegemea. Akavuta kiti karibu.

"Sasa nisikilize, dada. Silinda hiyo hiyo ya tatu, kifaa cha kunyunyizia mafuta kinavuja. Hiyo ni kasoro yetu. Tumeshakibadilisha kwenye magari mengine ya toleo lako. Kuongeza nguvu peke yake hakuui waranti yote. Kampuni lazima ionyeshe kwamba hicho ulichofanya ndicho kilichoharibu. Nina wateja wawili niliowapigania, wakapata injini. Wote walikuja wakasema ukweli kama wewe."

Mwanangu akanishika mkono chini ya meza. Akaubana.

"Lakini kuna hili," mkuu akasema, akageuza karatasi. "Kompyuta ya gari hili imeandikwa programu upya mara mbili. Inahesabu yenyewe, na hesabu hiyo haifutiki hata programu ya kwanza ikirudishwa. Mara ya pili ni Jumanne, siku mbili kabla ya injini kufa. Mtu amerudisha programu ya kiwanda. Nikipeleka hii makao makuu, hawatasema mteja amekosea. Watasema mteja amekosea, akajua, akaficha. Hapo mimi sina mkono."

"Hapana. Mimi ni mara moja tu."

"Karatasi inasema mbili."

"Jumanne saa ngapi?"

Akasoma. "Saa nane na dakika kumi mchana."

"Nilikuwa nimelala," mwanangu akasema. Akalitamka neno hilo taratibu, kisha mkono wake ukatoka juu ya wangu. Hakunigeukia. Alikuwa anaitazama ile pistoni.

"Mama. Ufunguo huwa unakaa wapi?"

"Kwenye msumari," nikasema.

Feni ya dari ilikuwa inakwaruza. Nikamgeukia mkuu. "Ni mimi, baba. Nilimwita fundi mimi, yeye kalala. Hakujua. Naapa kwa aliyeniumba."

Alinihurumia, niliona. "Mama yangu," akasema, "hapa mezani wamekaa wazazi wengi. Sijaona mmoja ambaye hakusema ni yeye."

Kwa hiyo uongo wangu uliaminiwa siku mbili, na ukweli wangu haukuaminiwa hata dakika moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila mimi nilificha maradhi ya mwenzangu, na kifo kikamuumbua yeye.

Mkuu akamwekea karatasi ya kutia sahihi. Akataka kumfariji. "Waranti haijafa yote. Ni upande wa injini na gia tu. Taa, vioo, milango, redio, vyote vina dhamana mpaka mwaka kesho kutwa."

"Redio," mwanangu akasema. Akacheka, kicheko kifupi kama chafya, akatia sahihi.

Mkataba ulilala kama ulivyosema. Sasa anafanya kazi kituoni, anapakia maboksi kwenye gari la mtu mwingine, na dereva wake bado anamwita Mama Vifaranga. Pikapu liko uani chini ya turubai. Jumapili huwa anaingia ndani yake, anafunga mlango, anasikiliza hiyo redio mpaka betri inapolegea. Ananisalimia asubuhi na jioni, ananiita mama, ananiletea dawa zangu za presha. Hajanipigia kelele hata siku moja, na ningempa chochote anipigie. Msumari aliung'oa. Ufunguo anaulaza chini ya mto wake, wa gari lisiloenda popote.

Wifi alipokuja akasema, "Si nilikuambia?" Ndiyo, aliniambia. Maneno yake yalikuwa ya kweli, mimi ndiye niliyeyatumia vibaya. Ndiyo maana naandika haya, kwa mwenye gari, na zaidi kwa mama wa mwenye gari:

Usikubali mtu aiguse kompyuta ya injini gari likiwa bado chini ya waranti. Likihema, punguza mzigo.

Usiweke kitabu cha waranti chini ya vitambaa vya meza. Kisome siku ya kwanza, sehemu ya injini, na usipoelewa kawaulize waliokuuzia kabla, si baada.

Usimwamini fundi anayesema hakuna atakayejua.

Usiahidi watu mzigo wa nguvu za kuazima.

Ukishakosea, usirudishe kimyakimya ili kuficha. Nenda kaseme kwa mdomo wako, mapema, gari likiwa bado linatembea.

Usiseme mafuta yana maji kama hujui yana maji.

Usiguse ufunguo usio wako, hata ukiwa ni wa mtoto uliyemzaa.