Usinisimulie

Sehemu ya kwanza ya filamu ile tuliitazama mara sita, mimi na dada yangu, na hiyo mara ya sita tulikuwa tunayasema maneno kabla ya waigizaji. Miaka kumi na miwili imepita. Mwishoni fundi wa chombo anaachwa peke yake kwenye kituo cha angani, na wenzake wanaondoka. Dada alisema walimwacha makusudi. Mimi nikasema hapana, walidhani amekufa. Tumebishana hivyo kwa simu mpaka leo, yeye akiwa nchi ya mbali anatunza wazee wasiojiweza, mimi nikiwa chumba cha nyuma cha duka la miwani nasaga lenzi.

Nisifiche: zaidi ya ubishi huo hatuna mengi. Wazazi hawapo tena, na mimi si mtu wa marafiki. Tusipoongelea kile kituo tunaulizana habari za mvua, halafu kila mtu anatafuta njia ya kuaga. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba sehemu ya pili inakuja, nilikosa usingizi kwa furaha, na umri wangu huu.

Sasa, dada yangu ana mdomo usio na breki. Kuna filamu moja alinipigia simu, hata salamu hakutoa, akasema, "Muuaji ni daktari!" Nilimnunia wiki nzima. Ndipo tukala kiapo: filamu ikishatoka, hakuna simu wala ujumbe mpaka wote wawili tuwe tumeitazama. Akakivunja mara ya kwanza tu. Aliniandikia, "Fungua hii sauti, si mambo ya filamu." Nikafungua kama mjinga. Yalikuwa mambo ya filamu, tena ya mwisho kabisa, na kicheko juu yake.

Kwao sehemu ya pili ilitoka wiki moja kabla ya kwetu. Tangu siku hiyo nikaziba masikio. Nilimwambia binti wa mapokezi kwamba mteja atakayeitaja filamu ile, miwani yake nitaipindua, lenzi ya kulia iwe ya kushoto.

"Wewe kaka unahitaji mke," akasema.

"Nahitaji kimya."

"Kimya si unacho kila siku huko nyuma?"

Nikarudi kwenye mashine yangu.

Jumanne ikaingia sauti ya dada. Sikuifungua. Jumatano zikaja mbili, na chini yake maandishi: "Fungua, mdogo wangu. Si mambo ya filamu." Nilicheka peke yangu mpaka maji ya kupoozea lenzi yakanirukia usoni. "Nakujua wewe," nikaiambia simu. Alhamisi alipiga mara tatu. Niliiacha simu iite hadi ikanyamaza, na kusema kweli nilijisikia vizuri. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila simu yangu kuita mara tatu kwa siku. Ijumaa ikaja sauti moja, fupi, kisha basi. Nikajua amechoka na mizaha yake.

Jumamosi nilitoka kazini saa saba, nikawahi onyesho la saa nane. Ukumbi ulikuwa mtupu karibu nusu. Niliweka koti langu kwenye kiti cha kushoto, upande aliozoea kukaa yeye.

Maoni yangu ni haya, maana nimeyabeba na sina pa kuyatua. Fundi amezeeka vizuri. Wamempa mvi, na glavu yake bado ina kile kiraka alichokishona mwenyewe katika sehemu ya kwanza. Roboti wake, aliyekuwa anajua kutaja namba tu, sasa anaropoka kama mshereheshaji aliyelipwa kwa saa. Wamemharibu. Halafu kioo cha kofia ya fundi: chumba kina taa moja, kioo kinaonyesha taa tatu. Mwingine utamdanganya, si mtu anayeshinda na vioo kutwa. Lakini lile bomba la kwenye ujia, lililokuwa linavuja tangu sehemu ya kwanza, bado linavuja! Nilipoliona machozi yalinitoka, na sioni aibu.

Katikati ya filamu taa ya redio inaanza kuwaka. Ni wenzake. Wamerudi kumtafuta, kweli walidhani amekufa. Nimeshinda! Miaka kumi na miwili ya ubishi, na nimeshinda. Ila fundi hawaitikii. Aliwahi kudanganywa na maadui kwa taa hiyo hiyo, basi anaona ni mtego. Anakaa kitini anaitazama inavyowaka na kuzimika, muda mrefu kweli, mpaka mafuta ya wale wenzake yanakaribia kwisha na wanageuza chombo. Nilichukia.

"Itika basi!" nikasema kwa sauti. Mzee aliyekaa mbele yangu akageuka kunitazama.

Hapo, nikawaza, hapo dada nitambana. Nitamwambia mwandishi ametuona watoto. Mtu aliyekaa peke yake miaka yote hiyo, anaitwa, halafu ananyamaza? Haiingii akilini.

Nilitoka na maneno yamenijaa mdomoni. Nje ya ukumbi kuna benchi karibu na wauza bisi. Nikaketi, nikatoa simu. Kwa hesabu yangu dada alikuwa ameshaitazama siku nane zilizopita, nami nimemaliza, kiapo kimekwisha. Nikafungua sauti zake kwa mpangilio, nikijichekea kabla sijasikia chochote.

Ya Jumanne: "Mdogo wangu, bado sijaitazama. Nimeshindwa kwenda peke yangu. Sikiliza, nimepewa siku nne za mapumziko, na nimepata tiketi ya ndege. Nije tuitazame pamoja? Kwako nina pa kulala? Sema ndiyo tu, nitajipanga."

Ya Jumatano: "Kazini wanataka jibu kesho jioni, la sivyo wananirudishia zamu." Na ya pili: "Najua unadhani nakutania. Haki ya Mungu safari hii sikutanii. Nijibu basi."

Ya Ijumaa niliiweka sikioni kabisa, maana alikuwa anaongea chini chini. "Haya. Nimewaambia nitaingia zamu. Labda una mambo yako, au kuna mtu hapo kwako, na ni haki yako. Sijakasirika. Filamu nitaenda wiki ijayo nikipata nafasi. Usinisimulie."

Nikampigia. Haikupatikana. Wakiwa zamu simu hufungiwa kabatini. Aliwahi kuniambia hilo, na zamu yenyewe ilikuwa ile waliyomrudishia. Moyo uliniuma, uliniuma hasa. Nilikuwa na bomba linalovuja, na taa tatu kwenye kioo, na ushindi wangu wa miaka kumi na miwili, na hapakuwa na hata kimoja ambacho ningeweza kumwambia.

Nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Kwa muda kilichorekodiwa ni ufagio wa mama wa usafi, anayezoa bisi chini ya miguu yangu.

"Ndiyo," nikasema.

Nikatuma, nikaiweka simu gotini, nikakaa kuitazama.