Mbwa Namba Tatu

Mama Martha, jirani yetu hapa Nkoma, alisema amemwona kaka yangu Bundala mjini Bariadi, kamfunga maksai wetu kwenye nguzo ya kibanda cha kubeti, mwenyewe yuko ndani anaangalia mbwa.

"Mbwa wa kwenye runinga, Nyamizi. Na watu wazima wanawashangilia."

Mama Martha huongeza chumvi. Lakini zizini alikuwepo maksai mmoja tu, mvua zimeshaanza, na maksai mmoja havuti plau. Nikapanda bodaboda.

Nilimkuta maksai nguzoni anatafuna mfuko wa nailoni. Nikamtoa mfuko mdomoni, nikaingia.

Bundala hakushtuka. "Kaa uone. Mbwa sita, kila mmoja na kikoti cha namba. Wanafungiwa kwenye vijumba. Sungura wa bandia anavutwa kwenye reli, milango inafunguka, wanamfukuza. Hawamkamati. Anayetangulia kufika mstarini ndiye mshindi."

"Na maksai?"

"Dalali wa ng'ombe anakuja kumnunua, nipate hela ya kubetia. Namba tatu huyo, tazama mgongo. Tazama anavyokanyaga. Jana alibanwa kwenye kona, leo amepumzika. Mimi nimechunga tangu sijang'oa meno ya utoto, mnyama hanidanganyi."

Sikubishana. Ng'ombe akipita tu, Bundala anakwambia atazaa lini. Nikatazama mbio moja, nyingine, nyingine tena. Kitu kilinisumbua, nikachelewa kukijua. Wale mbwa walimaliza mbio midomo imefungwa. Hakuna aliyetoa ulimi. Mbavu hazikupanda wala kushuka.

Nikamwuliza Nancy, dada anayepokea hela za kubeti dirishani, mbio hizi zinafanyika nchi gani.

"Wa kweli wapo Ulaya, dada. Hawa wamechorwa na kompyuta. Mashine ndiyo inachagua nani ashinde."

Nilijua mbwa wako mbali. Sikuwahi kudhani hawapo.

Bundala alikuwa amesikia. "Hata namba tatu?"

"Hata namba tatu, ngosha. Hajazaliwa," Nancy akamjibu, akitumia neno la kumwita mwanaume wa Kisukuma.

"Mpelekee mfupa basi," mtu akasema nyuma, wenzake wakacheka.

Bundala hakucheka. Nje, dalali alikuwa ameshafika, anampapasa maksai nundu.

"Kaka," nikasema, "toka umwambie huuzi. Twende nyumbani tukalime."

Kwenye runinga milango ya vijumba ikafunguka. Bundala akageuza uso huko, macho yanamtafuta namba tatu.