Majina ya Maumivu

Ukungu ulipanda kutoka baharini kila asubuhi, ukaufunika mji wa Grimsby, ukafunika magati, ukafunika maghala, ukamfunika na Danguole apitaye kwa gambuti nyeupe kwenda kupasua samaki.

Kwao Klaipeda, nchini Lithuania, alikuwa mkunga. Miaka kumi na sita alipokea watoto. Miaka kumi na sita mikono yake ilikuwa lango la kwanza la dunia. Huku Uingereza mikono ilikuwa ile ile, ulimi ndio uliopungua. Bila mtihani wa lugha, hapokei mtoto. Na mtihani ulikuwa umemwangusha mara mbili, kwa sababu moja: Kiingereza chake, waliandika, ni cha sokoni.

Kweli kilikuwa cha sokoni. Kila kilichouma, kwake kiliuma tu.

Basi akaanza kuokota maneno. Aliyaandika kwenye karatasi, akaitia karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, akautundika juu ya meza ya kukatia. Neno moja kwa kreti moja. Alilitia kinywani, akalitafuna, akaligeuza, kisu kikifuata mfupa. Mepesi yalimjia kwa mkupuo kama dagaa. Mazito, yale marefu ya madaktari, yalimkwama kooni kama mwiba. Hakuyatema.

Mwenzake wa mezani, Doreen, mzaliwa wa mji ule, alikuwa na ulimi mkali kuliko kisu chake. Siku moja Danguole alimuuliza kuna tofauti gani kati ya maumivu yanayokeketa na yanayowanga. Doreen akaweka kisu chini.

"Mwanangu, mimi nimeolewa mara mbili. Wa kwanza alikuwa akinikeketa. Huyu wa sasa ananiwanga tu, kutwa kucha, wala hachoki."

Meza nzima ikaangua kicheko. Na tangu siku ile wanawake wakamletea maumivu yao, kila mmoja na lake: goti, jino, mgongo uliovunjwa na kuinama. Mmoja alimpa jina la uchungu wa kufiwa. Alilitamka taratibu, mara moja tu, akarudi kwa samaki wake.

Neno likaingia, neno likakaa. Majira ya baridi yakapita hivyo, vidole vikifa ganzi, ulimi ukipata joto.

Mwezi Machi alikwenda kwenye mtihani mara ya tatu. Wakamwambia aandike barua ya kumkabidhi mgonjwa kwa daktari, naye akaandika kama mtu anayefungua mabwawa.

Majibu yalimkuta mezani. Aliyasoma kwenye simu, akayasoma tena, kisha akamwonyesha Doreen. Doreen akamkumbatia na aproni yake iliyolowa.

"Haya, nenda," akamwambia sikioni. "Harufu itakutoka. Itachukua wiki, lakini itatoka."

Katika wodi ya uzazi, wiki ya kwanza, aliletwa binti mjamzito wa miaka kumi na tisa, Kayleigh, aliyekinyonya Kiingereza pamoja na maziwa. Lakini hofu ilikuwa imemnyang'anya maneno. Waliomuuliza aliwajibu inauma, sijui, inauma tu.

Danguole akaketi kando yake, akamshika mkono, akampangia maneno mbele yake, moja moja, kama mtu anayempangia mwenziwe nguo achague.

"Inasokota? Inakeketa, inakuja na kuondoka? Au inafukuta tu, haipoi?"

Binti akafumbua macho.

"Inafukuta. Ndiyo, sista. Hilo hilo. Haiondoki hata kidogo."

Uchungu wa kuzaa huja ukaenda. Usioondoka ni hatari, huenda kondo la nyuma linabanduka kabla ya mtoto kutoka, na Danguole aliijua hatari ile tangu kwao. Aliinuka, akamwita daktari, na neno refu kuliko yote aliyowahi kuyatafuna likamtoka kinywani zima, laini, bila mwiba. Daktari hakuuliza mara ya pili. Kitanda kikakimbizwa kwenda kwenye upasuaji.

Kabla ya saa nne asubuhi mtoto alikuwa mikononi mwake, mwekundu, mwenye hasira, akilia kwa sauti isiyo na neno hata moja.

Danguole akamjibu kwa Kilithuania.