Historia ya Kifo cha Déo

Kwanza ulisikika mkanda wa gundi ukivutwa, ile sauti ya kupasua inayojulikana na kila aliyewahi kufanya kazi ghalani. Élysée aliisikia akiwa bado kwenye korido ya maktaba huko Arlington, saa nne asubuhi ya Jumapili, na alijua kwamba chumba cha mikutano hakikuwa na kitu cha kufungasha. Aliposukuma mlango alimkuta Déo, aliyezikwa wiki saba zilizopita, akiziba katoni ya maandazi.

"Ifungue tena, kaka," Theodora alimwambia Déo. "Watu hawajala."

Déo akaomba radhi, akaifungua.

Theodora alikuwa muuguzi, Mhaya wa Bukoba anayeishi Carrollton, na ndiye mwenyekiti wa Jumuiya ya Utu. Miaka minne nyuma walikuwa watu watano waliokutana sebuleni kwake kusoma vitabu. Sasa walifika sitini, na mengi yalikuwa yamegeuka miongoni mwa Waafrika wa Dallas na Fort Worth kwa sababu yao. Maharusi walianza kuapiana wenyewe, macho kwa macho, bila mchungaji. Kina mama waliwapa watoto majina ya wakunga waliowazalisha. Hata makanisani, mtu akiambiwa jambo ni mapenzi ya Mungu, alianza kuuliza kama ni ya Mungu kweli au ya mtu fulani. Katiba ya jumuiya ilianza kwa ibara mbili: binadamu ana dhamana juu ya binadamu mwenzake, na hakuna maisha baada ya kifo.

Ibara ya pili ndiyo iliyowatatiza asubuhi hiyo.

"Karibu sana," Theodora alisema. "Ila kwa katiba yetu, wewe haupo."

"Najua, dada. Hata kazini balinitoa kwenye système ya kompyuta siku ile ile."

"Chair, bylaws ziko clear," alisema Mwenda, Mkenya wa kompyuta aliyekuwa akiandika kumbukumbu. "Tumuweke kama guest. Guest hana kura, lakini chai si atakunywa?"

Wakapiga kura, ikapita. Déo akakaa. Joto la lile trela alimofia akipakia mizigo lilikuwa limemfuata, na viti viwili kila upande wake havikukalika. Mkutubi aliingia, akasoma kipimo ukutani kikisema nyuzi mia moja na kumi na nne za Fahrenheit, akamwomba Déo asikae karibu na kipimo kwa kuwa alikuwa akikichanganya. Déo akahamia dirishani.

Élysée alikaa safu ya nyuma. Alikuwa amehamia huku akilikimbia kanisa, ambako Clothilde, mjane wa Déo, alikaa mbele na kitambaa cheusi kichwani, akigeuka kumtazama kila mchungaji aliposema Mungu alimwita mtumishi wake. Hakutegemea kwamba marehemu naye angehama.

"Kanisani nilienda," Déo alieleza alipoulizwa. "Bananiambia nipumuzike. Mi niliomba kupumuzika siku ile, haiko leo."

"Sasa unataka nini, kaka?"

"Historia ya kifo."

Wakongo waliokuwemo walielewa mara moja. Kwao, kabla mwili haujapelekwa kaburini, mtu husimama matangani na kueleza marehemu alianza kuumwa lini, nani alikuwa naye, aliomba nini na akapewa nini. Anayeeleza ni yule aliyekuwa naye mwisho. Matangani kwa Déo alisimama Élysée, na historia yake ilikuwa sentensi moja: tulikuwa kazini, Mungu akamwita. Watu wakasema amina. Kampuni nayo iliandika kwamba ni moyo.

"Si useme mwenyewe basi?" Mwenda aliuliza. "Uko hapa, bro."

Déo alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo hadharani. "Kwetu maiti hajisomei, ndugu."

Mwenda akayaandika hayo. Theodora akaongeza kwamba, kwa vyovyote, ushahidi wa asiyekuwepo haupokelewi, ila wa aliyekuwepo hupokelewa. Hakuna aliyegeuka kumwangalia Élysée, na hilo lilimsumbua zaidi kuliko kama wangegeuka.

Wakati wa chai alimvuta Theodora pembeni.

"Dada, kanisani banasema Mungu alimuchukua. Ninyi munasema nani alimuchukua?"

"Hakuchukuliwa. Alikufa. Halafu walio hai wanatafuta sababu."

"Na sababu ikiwa ni mtu?"

"Mara nyingi ni mtu," Theodora alisema, akampa andazi.

Élysée alibaki nalo mkononi. Alikuja hapa akidhani mahali pasipo na Mungu hapana mshitaki. Kumbe yote waliyokuwa wakimtwika Mungu kanisani, huku yaliteremshwa na kugawanywa kwa watu, na fungu lake lilikuwa limeshatengwa.

Déo hakujua Kiingereza. Élysée ndiye aliyekuwa mdomo wa Wakongo wote wa zamu. Siku ile ya Julai, ndani ya trela, Déo alimwomba mara tatu amwombee ruhusa ya kutoka nje. Mara tatu msimamizi wao, Sheldon, aliuliza kutoka mlangoni huyo anasemaje, na mara tatu Élysée alijibu: anasema yuko sawa. Wakongo walikuwa wageni pale, naye alikuwa ameapa kwamba hakuna atakayewaita wavivu. Mara ya nne Déo hakusema kitu.

Jumatatu, katika trela jingine lililoegeshwa mlango ule ule, Parfait, baba wa watoto watatu aliyeajiriwa mahali pa Déo, aliegemea ukuta, akamwita Élysée kwa neno lao la kaka mkubwa.

"Yaya Élysée, umuambie nitoke kidogo. Macho iko giza."

"Anasemaje?" Sheldon aliuliza.

Safari hii Élysée alitafsiri yote, hata lile giza la macho. Akaongeza na jina la Déo. Sheldon alisikiliza kwa makini, maana alikuwa mtu mpole. Kisha akatazama saa.

"Mwambie amalize trela kwanza."

Élysée alisimama na sentensi hiyo mdomoni asijue aipeleke wapi. Kama ukweli ulileta jibu lile lile, basi uongo wake haukumuua Déo. Au ulimuua, na ukweli nao ungemuua vilevile. Alijaribu kuyapanga mawazo hayo kama mzigo, mazito chini na mepesi juu, yakaporomoka. Mwishowe alimshika Parfait mkono, akamtoa nje, akamkalisha kivulini. Wote wawili wakaandikiwa onyo. Trela lilimaliziwa na watu wengine wawili, bila feni.

Jioni alikwenda kwa Clothilde. Déo alikuwa kibarazani, kwa kuwa kiyoyozi kilikuwa kimemshindwa, na nguo za jirani wa juu zilikauka upesi. Leseni yake ya udereva ilikwisha alipokufa, kwa hiyo Clothilde ndiye aliyempeleka maktaba Jumapili ile kabla ya kwenda kanisani.

"Karibu, shemeji. Chakula iko, fufu na sombe. Usikae kwa kiti ile, alikuwa ameikalia, ingali moto."

Élysée alibaki amesimama.

"Hasemi kitu," Clothilde aliendelea. "Anasema niulize mwenye alikuwa naye. Pasta anasema nisiulize. Bale ba maktaba banasema niulize, lakini ati bwana yangu hayuko. Sasa mi nifuate nani? Shemeji, alikufa namna gani?"

Kule kibarazani Déo aligeuza kiti na kuwapa mgongo, kama inavyompasa maiti historia yake inapotajwa.

Élysée hakujua kama ataanza na joto, au na Sheldon, au na yeye mwenyewe, wala kama Mungu ataingia mahali popote kati ya hapo. Alijua tu kwamba kusema jikoni, mbele ya mtu mmoja, hakuitwi kusoma historia.

"Siku ya posho, shemeji," alisema, akiitaja Jumamosi kwa jina la kwao. "Uite bote, ba kanisa na ba maktaba. Nitasimama, niseme aliomba mara ngapi kutoka, na mi nilimujibia nini kwa Kiingereza."