Mguu wa Fundi Usiguswe

Siku moja kabla ya upasuaji Fundi aliwakatalia wauguzi katakata kugusa miguu yake. "Mnafungua kifua. Miguu inawahusu nini?" Alikuwa mshonaji wa cherehani ya kukanyaga, na mguu wa kulia ndio uliomlisha. Wakamweleza kwamba mambo yakiharibika, mshipa wa mguuni unaweza kuokoa moyo. Akajibu, basi yasiharibike. Mkewe alimsihi mpaka sauti ikakauka. Ni kama aliongea na ubao wa kupigia pasi.

Sasa daktari msaidizi alisimama mlangoni pa chumba cha kusubiri, barakoa imeshuka kidevuni.

"Mama, vali mpya tumeshaishona. Lakini moyo unakataa kudunda vizuri. Kwa hali ilivyo, tuna wasiwasi kwamba..."

"Daktari, tangu asubuhi nalishwa 'tunaendelea vizuri'. Sema kama unaongea na mtu mzima."

Akasema. Ukingo wa vali umeziba mdomo wa mshipa unaoulisha moyo wenyewe. Mashine inamshikilia kwa sasa. Inabidi wachukue mshipa kwingine, waipitishe damu pembeni. Mishipa ya mguu wa kushoto imevimba na kujikunja, haifai. Unaofaa ni wa kulia.

"Na mwenyewe alikataa kwa kinywa chake," akamalizia.

Mdogo wake Fundi akainuka. "Tumsubiri kaka mkubwa. Yuko njiani."

"Yuko njiani tangu jana! Anakuja kwa magoti?"

"Shemeji, ile ni kauli yake. Akiamka kilema atakulaani."

"Alaani. Mradi awe na pumzi ya kulaania." Akamgeukia daktari. "Atatembea?"

"Atatembea. Mguu utamuuma, utavimba. Cherehani itasubiri kidogo."

"Basi kateni. Mbona bado umesimama?"

Fundi alipotolewa mpira wa kupumulia kooni, neno la kwanza halikuwa shukrani. Alipapasa bandeji pajani.

"Nani kawaruhusu?"

"Mimi."

"Si nilisema..."

"Ulisema. Kisha ukalala, ukaniachia mimi."

Akageuza uso ukutani. Mkewe alitamani kumzaba kofi, mtu ambaye yeye alimlilia chooni mlango ukiwa umefungwa ili shemeji asisikie. Badala yake akafunua shuka miguuni, akaweka kiganja chini ya unyayo wa kulia.

"Kanyaga."

Mguu haukusogea.

"Nimesema kanyaga, wewe!"

Fundi hakumtazama. Lakini unyayo ukasukuma, taratibu, kwa kisirani, kama mtu anayeanza kushona nguo ya mteja asiyempenda.